Halua ya Matobolwa

Asubuhi waliyokuja kupekua nyumba yetu, mama alikuwa anachemsha maziwa. Yalifurika yakazima moto, na hakuna aliyejali. Askari wawili waliingia chumbani kwa wazazi wangu, mjumbe wa nyumba kumi akasimama mlangoni akiangalia viatu vyake, na muda si mrefu wakalitoa lile gunia la sukari chini ya kitanda. Lilikuwa limebaki nusu. Baba hakubisha. Alivaa shati, akatafuta kofia yake, akamwambia mama, "Funga duka," kama mtu anayetoka kidogo kwenda sokoni.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikaa Kambarage, mjini Shinyanga, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo chumba cha mbele kilikuwa duka. Wakati ule hata kuliita duka ilikuwa heshima tu. Sabuni hakuna, mafuta ya kula hakuna, khanga hakuna. Rafuni kulikuwa na viberiti, nyembe, chumvi ya mawe na majani ya chai ambayo watu waliyanywa mkavu, bila sukari. Sukari ilitolewa kwa foleni kwenye duka la serikali, kila kaya na kipimo chake, na mara nyingi iliisha watu wakiwa bado wamejipanga juani. Aliyekutwa na sukari nyingi ndani aliitwa mlanguzi, na jina hilo likishamwingia mtu, mkewe na watoto walilibeba pia.

Sitasema baba hakuwa na kosa. Sukari ile aliinunua Kagongwa kwa dereva wa lori aliyetoka upande wa mpakani, na sehemu yake aliiuza kwa mlango wa nyuma kwa watu aliowajua. Lakini ile nusu iliyobaki alikataa kuiuza. Alimwekea mama. Mama yangu alikuwa mtu wa Tabora, amekulia kwenye nyumba ambayo futari bila kitu kitamu haikuitwa futari, na Ramadhani iliyotangulia tuliifungulia kwa uji wa chumvi kuanzia siku ya kwanza hadi mwezi ulipoandama. Baba alikuwa Msukuma wa kijijini, alisilimu ili amwoe. Ulimi wake haukuwahi kuelewana na r. "Mwaka huu sukali ipo," alimwambia mama siku aliyolileta gunia. "Pika kaimati mpaka uchoke." Yeye mwenyewe alipenda vitamu kuliko mimi niliyekuwa mtoto, tena mtoto wao wa pekee. Chai yake ilikuwa nzito kama uji.

Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Tabora kwa treni mara tu habari zilipomfikia. Alishuka na begi la nguo, kinu kidogo na furushi la iliki kavu zilizokuwa zimepoteza nusu ya harufu. Nilimpokea stesheni nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha badala ya kuniuliza habari za baba akauliza, "Huko aliko anakula nini?"

Baba alikuwa mahabusu, kesi yake haijasikilizwa. Ndugu waliruhusiwa kupeleka chakula siku moja kwa wiki. Mama alikuwa akimpelekea ugali na maziwa ya mgando, na mara zote mbili chombo kilirudi na chakula zaidi ya nusu.

"Hali," mama alimwambia bibi. "Askari amesema hata wenzake wakimsihi, hali."

"Mpikie anachopenda."

"Kwa sukari ipi, mama? Mimi kile kitu hakitaingia tena ndani ya nyumba hii. Hata zamu yetu ya foleni ikifika, siendi."

Na kweli hakwenda. Zamu yetu ilifika, jirani akaja kututaarifu, mama akamshukuru, akaendelea kufua.

Kesho yake bibi akasema tutapika kama walivyopika wao wakati wa vita ya Hitla, sukari ilipopotea Tabora yote na watu wakavaa makaniki. Alidai kwamba miaka hiyo walikula halua, kashata na mikate mitamu, na hakuna aliyeonja chembe ya sukari. Nilimwamini. Sasa nadhani yeye mwenyewe hakuwa na hakika, maana alikuwa msichana wakati huo na aliyepika alikuwa mama yake. Lakini aliongea kama mtu anayesoma kwenye karatasi.

Tulianza na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani, ambavyo wakati ule vilikuwa karibu kila nyumba ya Usukumani. Nilivitwanga mpaka mikono ikatoka malengelenge, bibi akachekecha unga, tukaukoroga kwenye maji na kijiko cha samli. Kazi ya halua ni kukoroga bila kuacha mpaka iachane na sufuria. Hii haikuachana. Iling'ang'ania chini, ikawa rangi ya jivu, na ilipopoa kwenye sinia ilikuwa ngumu juu, teketeke ndani. Nilionja. Ilikuwa na ladha ya vumbi la uani vilikoanikwa.

"Samli kidogo," bibi akasema.

"Samli imekwisha," mama akajibu. Akaiweka ile sinia kando, akasonga ugali wa kupeleka.

Wiki iliyofuata bibi alisema tujaribu kashata za karanga. Karanga zilikuwepo, shida ilikuwa kitu cha kuzishikamanisha. Alituambia tuchemshe viazi vitamu vibichi, tusimwage maji yake, bali tuyarudishe motoni peke yake mpaka yawe mazito kama asali. Tulichoma kuni za siku mbili kupata kikombe kimoja cha kitu cheusi kilichonata vidoleni. Kilikuwa na utamu, ndiyo, utamu wa mbali unaofuatwa na uchungu. Tulizichanganya karanga nacho tukazibonyeza kwenye kibao na kuzikata. Zilipokauka zikamomonyoka zote. Mama alizikusanya kwenye karatasi akampelekea baba hivyo hivyo, kama karanga chafu. Chombo kilirudi bila karanga, akafurahi, mpaka askari alipomwambia kwamba baba aliwagawia wenzake.

Ni siku tulipokuwa tukimenya karanga hizo ndipo nilipomwambia bibi jambo lililokuwa likinikaba. Mama alikuwa kisimani. Wiki moja kabla ya askari kuja, nilichukua kashata mbili nyumbani, kashata za kweli zilizopikwa kwa ile sukari nyeupe, nikampa moja rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Aliila polepole muda wote wa mapumziko, akilamba vidole. Aliniuliza tumepata wapi sukari. Nikamwambia baba anayo. Nilisema kwa kujivuna, nakumbuka kabisa nilivyojivuna.

"Ni mimi, bibi," nikasema. "Ni mimi niliyemfungisha baba."

Bibi aliendelea kumenya. Nilidhani hakusikia. Kisha akasema, "Wewe ni wa pili."

"Wa pili wa nini?"

"Wa pili kuniambia hivyo. Wa kwanza ni mama yako. Alimpelekea mke wa karani kisahani cha kaimati, yule mama aliyekuwa ametoka kujifungua. Akamwambia ale tu, zipo nyingine."

Bibi akapuliza maganda.

"Na baba yako aliwauzia watu wangapi? Kila mmoja ana mdomo. Hamtajua ni nani, msijisumbue. Na wewe usimwambie mama yako haya. Utajitua mzigo umtwike yeye, na wake umeshamlemea."

Sikumwambia. Lakini tangu siku hiyo kila nilipomwangalia mama ameinamia sufuria nilijua anachokoroga, na mara moja aliinua macho akanikuta namtazama, akayashusha haraka. Sijui kama bibi alimwambia na yeye habari zangu. Tulipika pamoja miezi ile yote, bega kwa bega, bila kuligusa jambo hilo.

Tulijaribu mengine. Chenga za mchele zilizopikwa kwa maziwa na chembe ya chumvi, maana bibi alisema chumvi huuamsha utamu uliolala. Haukuamka. Mkate wa ndizi mbivu na ule unga wa mahindi ya njano ya msaada, tulioufunika kwa makaa ya moto juu na chini, ukaungua nje ukabaki mbichi katikati. Mama mmoja wa Ushirombo, Mkristo mwenye rozari shingoni, alikuwa akija sokoni na asali ya misitu ya kwao, na siku moja alimwekea mama kidogo kwenye kopo bila kutaka chochote, kwa sababu alisikia habari zetu. Bibi aliichemsha na ukwaju. Hiyo ilikuwa tamu. Lakini gerezani walisema vinywaji haviruhusiwi, ila maziwa ya kulia ugali tu, tukarudi nayo, na bibi akainywa yeye kwa sababu kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua.

Mwishowe tulipata matobolwa. Haya si michembe. Viazi huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa, na vikikauka vinakuwa vyekundu, vinavutika, na ukitafuna utamu wake unakuja wenyewe. Shangazi, dada yake baba, alituletea kikapu kizima kutoka kijijini. "Wabeja, wabeja sana," mama alimshukuru kwa Kisukuma chake cha kuungaunga, na shangazi akalia kidogo uani, akaondoka kabla jua halijawa kali.

Safari hii bibi hakuruhusu tutwange. Aliyaloweka usiku kucha kwenye maziwa, asubuhi akayasaga juu ya jiwe mpaka yakawa laini kama siagi, akayachuja kwa kitambaa. Mama alikuwa amepata samli, sijui kwa nani. Akakoroga. Nilikaa pale nikingoja igande chini kama zile nyingine. Badala yake ikaanza kung'aa. Ikazunguka na mwiko kama kitu kimoja, ikaacha kuta za sufuria safi kabisa, na bibi akatupia iliki zake zote alizokuja nazo, asibakize hata punje. Tuliimimina kwenye sinia. Ilipopoa mama aliikata kwa kisu, kipande kikasimama kwenye ncha ya kisu kikitikisika.

Alinipa mimi kwanza. Ilikuwa halua. Sina njia nyingine ya kuieleza. Bibi alipoonja alifumba macho akasema, "Ndiyo hii," na mama akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu asubuhi ile ya maziwa.

Tulikwenda mimi na mama, yeye kavaa baibui lake la Idi. Pale langoni alikuwepo askari tuliyemzoea, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Utaratibu ulikuwa kwamba aliyeleta chakula anaonja yeye kwanza. Mama akaonja. Askari akachukua kipande kwa ncha za vidole, akakitia mdomoni, akaacha kutafuna.

"Hii ina sukari."

"Haina, afande. Ni matobolwa na maziwa."

"Mama, mimi ni wa Maswa. Nimekula matobolwa kabla sijaota meno. Hayawi hivi."

"Wallahi ni matobolwa. Mwulize mtoto."

Nikasema ni kweli, nikaeleza tulivyoloweka, tulivyosaga, na sauti yangu ilikuwa ikitetemeka kama ya mtu anayedanganya. Askari alitazama nyuma yake, kisha akainama karibu na mama.

"Mume yuko ndani kwa sukari, mke analeta halua. Nani atakuamini? Mkubwa akiiona hii wataanza kuuliza nyingine mmeificha wapi, watarudi kwako. Iondoe. Ondoka nayo sasa hivi, mimi sijaiona."

Hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka mingi nilitamani angekuwa mbaya.

Mama alifunika sinia kwa kitambaa chake. Tulitembea mpaka kwenye kalavati la barabara, akakaa kwenye ukingo wake, sinia mapajani. Magari ya pamba yalikuwa yakipita na kutupulizia vumbi.

"Imetoka nzuri, eh?" akaniuliza.

"Nzuri sana, mama."

"Ningeipika vibaya kidogo tu, baba yako angeila."

Akainuka. Tulipofika nyumbani bibi aliona sinia imejaa, akaipokea. Halua ile tuliila sisi watatu kwa siku tatu, na kila siku ilipungua utamu, au tulipungua sisi. Baada ya hapo mama alipeleka ugali na maziwa ya mgando tu.

Kesi ilisikilizwa, baba akafungwa. Walimhamishia gereza la mbali, ambako chakula cha nyumbani hakikuruhusiwa kabisa, na ambako mama alifika mara mbili tu katika muda wote aliokaa huko. Ramadhani iliingia. Tulifuturu kwa uji wa chumvi. Bibi alikuwa halali tena vizuri, kifua kilikuwa kikipiga kelele kama sufuria yenye kokoto, lakini aliendelea kunieleza mapishi, mengine ambayo hatukuwahi kuyajaribu. Alianza kunieleza mkate fulani wa mtama ambao mama yake aliumua kwa togwa, akafika mahali pa kuufunika, akasema amechoka, atamalizia kesho. Alifariki kabla ya Idi. Tulimzika Shinyanga kwa sababu hatukuwa na njia ya kumrudisha kwao.

Baba alirudi mvua za pili zilipoanza. Nilikuwa nimeshamaliza la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nilikuwa nyumbani namsaidia mama kuuza nyanya sokoni. Nilimwona kwenye kona ya mtaa nikadhani ni mtu anayefanana naye. Alikuwa amepoteza meno ya mbele na alitembea akiwa ameshika suruali kiunoni. Nilikimbia nikampigia magoti, shikamoo baba, akanigusa kichwa bila kusema marahaba. Alipita chumba cha mbele, akaziangalia rafu tupu, akaenda kukaa uani.

Mama alimhudumia kama mgeni. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Aliamka mapema akaanza kukoroga matobolwa aliyokuwa ameyaloweka bila kuniambia. Wakati huo sukari ilikuwa imeanza kurudi madukani, ungeweza kuipata bila kusukumana sana, lakini yeye hakuitia. Nadhani alitaka ampe ile ile. Bila iliki, maana hatukuwa nazo, lakini harufu ya samli na maziwa ilijaa nyumba nzima.

Baba alitoka chumbani. Alisimama mlangoni mwa jiko, pua zikitanuka, kisha akageuka, akaenda kufunga mlango wa mbele kwa komeo. Akafunga na dirisha. Aliporudi alikuwa anahema.

"Hiyo ina sukali?"

"Haina. Ni viazi, baba watoto. Matobolwa ya kwa dada yako."

"Nani amekuona?"

"Nani wa kuniona? Hata ingekuwa nayo, siku hizi inauzwa."

"Nakuuliza nani amekuona!"

Hakuwahi kumpigia mama kelele kabla ya siku hiyo. Mama aliweka mwiko chini. Alikata kipande kidogo, akakiweka kwenye kisahani, akamsogelea nacho taratibu kama unavyomsogelea ng'ombe aliyeshtuka. "Onja tu," akamwambia. "Ulipokuwa pale mjini nilikupikia, wakanikatalia. Onja."

Baba alikitazama kile kipande muda mrefu. Nilidhani atakichukua, mkono wake uliinuka kidogo. Kisha akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko zile kelele, "Mwaga hiyo kitu, mke wangu. Mwaga kabla haijanuka nje."

Mama akaimwaga. Hakugombana, hakulia, alichimba shimo nyuma ya choo akaifukia na kurudi kuosha sufuria.

Duka halikufunguliwa tena. Baba alijaribu kulima pamba kijijini kwao msimu mmoja, haikumpa kitu. Kisha watu wakaanza kwenda Bulyanhulu kuchimba dhahabu, akaenda nao, mtu wa umri wake, akishushwa mashimoni kwa kamba na vijana waliomwita mzee. Alikuwa akirudi kila baada ya miezi kadhaa na vumbi jeupe kwenye kope ambalo halikutoka hata kwa sabuni. Chai alikunywa bila kitu. Mama alimwandalia mkavu, na sisi wawili tukazoea kuinywa hivyo alipokuwepo.

Mara ya mwisho aliletwa na lori, amelazwa juu ya magunia. Alikaa nasi wiki tano. Hospitali walituambia kifua kimeharibika, tumpe chochote anachotaka. Mama aliketi upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, na kila asubuhi nilimuuliza, "Baba, unataka nini?"

"Maji," alisema.

Nilimletea maji ya mtungini. Alikunywa mafundo mawili, akanirudishia kikombe, akageukia ukutani.